Yah: Bibi Yangu Kugeuzwa Kuku Katika Albamu ya Mjomba

Kilole, Korogwe.

Ndugu Mkurugenzi, Chakula cha Kuku Mtetea Dhahabu,

Shikamoo mzee Lukasi. Mimi ni yule binti aliyekuletea chai ulipokuja kwetu, nikaiweka mezani na kukimbilia jikoni bila hata kukukaribisha. Haikuwa dharau. Mbele za wageni sauti yangu hukauka, ndiyo maana naandika.

Kwanza, pongezi. Mjomba wangu Sufiani, rapa wa Handeni, alikaa kimya miaka tisa akiziba pancha za pikipiki. Wewe ukamkumbuka, ukamlipia studio, ukamvalisha na miwani. Sasa albamu ya kurudi kwake iko mbioni kutoka. Nina malalamiko madogo tu.

1. Wimbo wa kwanza ulihusu ukame. Ofisi yako ikasema ukame unawahuzunisha wateja. Basi sasa mvua inanyesha beti zote tatu, na mahindi yanakomaa kabla ya kiitikio. Wakulima wa Handeni wanashukuru sana, wanauliza tu inanyesha upande gani wa wilaya.

2. Mjomba hukohoa kidogo kabla ya kuanza kuchana mistari. Ndiyo alama yake tangu zamani. Mtu wako wa masoko, kaka Raymond, ameagiza awike. Alimwambia, "Kukohoa ni ugonjwa, braza. Kuwika ndiyo brendi!" Mjomba anafanya mazoezi uani. Jogoo wa mama Loyce, jirani yetu, amenyamaza tangu Jumanne. Nadhani anaona amenyang'anywa kazi.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Wimbo wa sita, "Dirisha la Tatu", ni wa Bibi Mashavu, aliyetulea Mjomba na mimi kwa kuuza mihogo ya kuchoma pale Mkata. Basi likisimama, wenzake hugombea mlangoni. Yeye huenda dirisha la tatu, maana anasema wa mbele wameshashiba na wa nyuma wamelala. Mjomba aliyaweka yote hayo, pamoja na sauti ya Bibi mwenyewe: "Wa moto huu mwanangu, shusha mkono!" Bibi ameshawatangazia watu wa Mkata wasicheze mbali na redio. Sasa ofisi yako imeandika kwamba muhogo haumsaidii mdhamini, hivyo Bibi abadilishwe awe kuku mwenye afya, aseme, "Nipe Mtetea, nitage mawili!"

4. Nimejitahidi kuelewa. Kama Bibi ni kuku, Mjomba ni kifaranga, na mimi mjukuu bado ni yai. Naomba barua rasmi niipeleke shuleni, kwa sababu mwalimu wa darasa ananihesabu kama mtu. Naomba pia mtuelekeze Bibi achanganyiwe pumba kiasi gani, maana ana presha. Na siku wimbo utakapopigwa, kaka Raymond akae naye pale Mkata, awaeleze majirani kwamba anayetaga ni huyu hapa.

5. Kaka Raymond anasema mkataba ni mkataba. Mkataba gani, mzee, unaompa muuza chakula cha kuku ruhusa ya kubadili bibi wa mtu? Aliyemshauri Mjomba atie saini kitu kama hicho aone aibu, popote alipo.

Kwa hiyo naomba Bibi arudishwe kwenye wimbo wake, na muhogo wake mkononi.

Msalimie mama hapo nyumbani, kaka Raymond, na kuku wote wa kwenye mabango.

Wako mwenye heshima na hasira kidogo,
Yusra Zaidi, Kidato cha Tatu.

N.B. Mkataba ulikuja kwa Kiingereza. Mjomba aliishia darasa la saba, kwa hiyo nilikalishwa katikati ya sebule niwasomee. Bibi alikuja kutoka Mkata kwa ajili hiyo, akawa anawaambia majirani, "Msikieni mjukuu wangu!" Nilipofika ukurasa wa nne sikuelewa hata mstari mmoja, nikaona haya kusema sijui. Nikasema, "Hapa ni mambo ya kawaida tu ya ofisi," nikafunua ukurasa. Mjomba akatia saini. Jana nimeusoma tena na kamusi: imeandikwa wazi kwamba maneno yote ya albamu ni yako kubadili. Haki ni yako, mzee. Mimi nakuomba Bibi tu. Mjomba na Bibi hawajui. Tafadhali ukijibu, jibu kwa Kiingereza. Barua za Kiingereza hapa nyumbani nasoma mimi.