Nyimbo Mia Tatu za Obeid Kalinga

Iringa nzima hakuna aliyeijua kompyuta kama Obeid Kalinga! Ukitaka ushahidi, muulize Obeid mwenyewe.

Basi aliposikia kwamba mzee Alinanuswe wa Uyole, baba yake Bupe, ana katoni la CD za kwaya mchanganyiko na gari jipya lisilomeza CD, aliona mbingu zimefunguka. Alikuwa anataka kumposa Bupe, na mzee alikuwa bado anamtazama kwa jicho la pembeni.

"Mzee, niachie mimi! Nazihamishia zote kwenye flashi. Redio ya gari itakuandikia hadi jina la anayeimba!"

"Ndaga fijo, mwanangu," mzee akashukuru.

Mwanangu! Obeid alirudi Iringa akielea.

CD ya kwanza tu, jasho. Kwaya kumi na tano ndani ya CD moja, na kwa kila wimbo kompyuta inauliza: Msanii? Majina yalikuwemo kwenye karatasi ndani ya makasha, lakini maandishi madogo kama chawa, nani ayasome? Kufika wimbo wa nne Obeid alichoka. Akaziingiza CD zilizobaki bila kujibu swali lolote, akachagua nyimbo zote mia tatu, akaandika mara moja: OBEID KALINGA.

"Kwani kazi kafanya nani?" akajiambia. Madijei wote hubandika majina yao, yeye ana kasoro gani?

Jumamosi akatua Uyole ndani ya suti, pamoja na mshenga wake, baba mdogo Jailos. Mzee akawapakia garini, Bupe pembeni yao, akachomeka flashi.

Wakaimba akina mama. Redio ikaandika: OBEID KALINGA. Wakaimba watoto wa Sunday school. OBEID KALINGA! Bupe akajiziba mdomo kwa kanga.

Wimbo wa saba, mwanaume wa sauti nzito akaanzisha peke yake, kwa Kinyakyusa. Mzee akasimamisha gari.

"Huyu nani?"

"Mzee... si redio imeandika?"

"Huyu ni mimi! Elfu mbili na nne, kwaya ya usharika."

Obeid alitamani kiti kimmeze. Jailos akageukia dirishani, akajifanya abiria asiyemjua mtu.

"Lakini mimi sibishani na wataalamu," mzee akaendelea kwa upole. "Kama anayeimba hapa ni Obeid, basi Obeid ndiye baba yake Bupe."

Akamgusa Jailos begani.

"Mshenga, rudi na posa yako Iringa. Huku kwetu mtu haoi binti yake."