Kilo Nane Mbele ya Kisu

Jumatatu, 3 novemba

Balansi, ile mizani ya hospitali, imesoma kilo 152. Mimi Rukara, niliyefika kwenye migodi ya Bisie kwa miguu wakati wengine wanalilia nyumbani, niliyelala Kampala katika hoteli yenye ngazi zinazopanda zenyewe! Leo ngazi tatu za hospitali zimenishinda. Nilipanda moja, nikajifanya nasoma tangazo la chanjo, nikapanda zingine.

Dokteri Astrid, mupasuaji anayepita kwetu mara moja kwa mwezi, hakucheka. Alisema moyo wangu iko sawa kamba ya mbuzi inayofunga ngombe dume. Akipunguza tumbo yangu kwa kisu, nitaishi. Asipopunguza, Noeli hii pengine nitaiona, ya mwaka kesho hawezi kuahidi. Lakini mbele ya kisu nipunguze kilo nane kwa wiki mbili. Ini yangu imejaa mafuta, imelalia tumbo. Akilazimisha kupita, ini itapasuka na damu haitasimama. Tena kitanda kimebaki kimoja na tuko wawili: mimi na Hilaire, muuza maharagi wa Nyabiondo.

Muke wangu Mukabaranga alinishika mukono mpaka vidole vikakufa ganzi. Nilimuambia atulie. Nimesoma mpaka darasa ya nne primaire tu, lakini karatasi ya dokteri niliielewa palepale: vitu vya maji-maji, vya kutafuna hapana. Mungu anapenda wafugaji!

Jumatano, 5 novemba

Rejime, ile kula ya kupunguza kilo, inaenda muzuri kabisa. Asubuhi maziwa, litre tatu. Saa sita mashanza, maziwa ya kuganda, ile nzito inayosimamisha kijiko. Magaribi kasiksi kidogo, pombe ya ndizi, sababu ndizi ikishakamuliwa ni maji. Meno haijafanya kazi tangu juzi. Mukabaranga aliuliza kama nina hakika. Nilimuonyesha karatasi.

Nilipita kwa mama mukwe, akanipa kibuyu kizima cha maziwa. Kukatalia mama mukwe maziwa ni kumutukana yeye na ngombe zake zote. Nilikunywa kwa heshima. Kibuyu cha pili nilikunywa kwa mapendo.

Jumamosi, 8 novemba

Balansi ya depo ya maharagi, sokoni: 155. Niliomba waipige kofi. Waliipiga. 155.

Na nani alikuwa pale? Hilaire, suruali imeshikwa na kamba. Kilo 146! Anakunywa maji ya sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta, na kila asubuhi anapanda kilima. Alinizunguka polepole, sawa muntu anayetaka kununua.

"Papa Rukara, ungekuwa ngombe, ningemuambia mwenyewe akutayarishie fasi ya kuzalia."

Soko yote ilicheka. Nami nilicheka, sababu ilikuwa muzuri. Nilipofika nyumbani nilikuta Mukabaranga amekunja shati yangu ya kanisa na kuiweka ndani ya mufuko wa hospitali. Ile ya kunizikia. Kicheko kiliisha.

Siku ya Mungu, 9 novemba

Kanisani pumzi ilikatika kwenye ubeti wa pili. Nilikaa chini, wengine wote wamesimama. Muntu anayekaa pekee yake anaona migongo tu.

Nikapata akili. Nimemutumia Hilaire fromage mbili, jibini za kwetu Masisi, nono, za manjano, na barua ya pongezi. Maharagi haijawahi kushinda fromage.

Jumatatu, 10 novemba

Kifua kizito tangu asubuhi. Si ugonjwa, ni mawazo. Kama Hilaire atazila, ini yake ivimbe, kisu kiipasue? Ana watoto watano. Bibi yake Dorothée aliuguza mama yangu mwezi muzima bila kuitwa na muntu. Mimi ni mujanja, si muuaji.

Nilichukua moto, pikipiki ya kulipia, mpaka Nyabiondo. Mwenye moto aliendesha amekaa juu ya tanki, fasi ingine haikubaki. Nilimuambia Hilaire fromage zile ziliharibika, nimekuja kumuokoa. Alizirudisha zote mbili. Hakuwa amezigusa. Akanishukuru, hata machozi yalitaka kumutoka! Njiani nilikula moja, ili zambi isifike nyumbani. Ingine ilibaki pekee yake. Niliihurumia.

Alhamisi, 13 novemba

156. Nilimueleza Mukabaranga kwamba balansi ya depo inapendelea watu wa maharagi. Alikuwa anachambua mboga. Aliacha, akaniita kwa jina ya mutoto wetu.

"Papa Christa, mimi sitaki kuwa mujane wa maziwa."

Alirudilia mboga zake. Nilitoka inje nikasimama kwa zizi muda murefu. Ngombe nazo haziniangalii.

Palepale, fimbo mukononi, nikaona njia. Mufugaji na fimbo yake, nani atauliza? Koti refu juu, fimbo chini ya koti, ncha inakandamiza sakafu pembeni ya balansi, inabeba sehemu ya kilo zangu. Nilijaribu kwenye depo: 143. Balansi ileile!

Jumatatu, 17 novemba

Hospitalini. 143! Infirmier Marcellin, muuguzi anayepima watu, alinipigia makofi, akaita wagonjwa wengine wanitazame. Niliwapa mashauri: roho ngumu, maombi, maji mengi. Hilaire alisoma 144, akanipongeza kwa mikono miwili.

Dokteri Astrid aliandika, akaniangalia shingo, akaniangalia tumbo, akaangalia fimbo chini ya koti, akasema tupite kwa ekografi. Sikujua kama iko ekografi, mashini inayoona mpaka ndani ya tumbo. Alipaka mafuta ya baridi, akatembeza kile chombo juu ya tumbo. Akageuza ekra, kile kioo cha picha, kwangu.

"Balansi umeidanganya, Papa Rukara. Ini haina fimbo."

Aliongea pole-pole. Kama angeamini ile namba, kesho saa tano ningekuwa nimekufa mbele yake, na yeye njo angetoka kwenda kumuambia Mukabaranga. Hilaire alipata kitanda. Mimi nirudi desemba, ekografi kwanza, na maziwa amekata kwa kalamu nyekundu.

Jumanne, 18 novemba

Nilikaa na Dorothée kwenye mulango wa chumba cha kupasulia tangu saa mbili. Nilimuletea chai, nilimusimulia Kampala, nilimusimulia tena. Saa saba dokteri na watu wake wakatoka: Hilaire muzima. Nililia kuliko bibi yake. Dorothée alinishika bega akaniambia mwezi kesho yeye njo atakaa hapa na Mukabaranga. Niliapa palepale, kwa jina la mama yangu: sitadanganya balansi tena.

Alhamisi, 20 novemba

Kiapo nimekishika. Balansi sitaigusa. Lakini ekografi sikuiapia.

Ini iliyo safi ninaijua: ni ya binamu yangu Nzabandora, anayechunga kule juu, mukavu sawa ukuni. Kwenye karatasi ya ekografi wanaandika jina tu, sura hawapigi. Atavaa koti yangu, atajibu "Rukara" wakimuita. Amekubali. Aliuliza tu kama mafuta yale ni ya baridi sana.

Mukabaranga amekaa chini. Ameuliza, siku ya kisu ikifika, watapasua nani kati yetu wawili. Muke aliyemaliza sekondari yote, na bado haelewi: Nzabandora ni wa kupimwa, mimi njo wa kupasuliwa!