Beseni la Kupima Shingo, Malaba

Wakazi wa Malaba na Busia mnatangaziwa kwamba shingo za vijana sasa ziko chini ya ulinzi. Ofisi ya Unyofu wa Shingo imefunguliwa ndani ya kontena, karibu na foleni ya trela, na mimi, Alaso, ndiye Afisa wa Maji. Nachota, najaza beseni, nangoja.

Sababu ni nzito. Kijana akiinamia simu, alieleza mkuu wetu, Bwana Levis Wandera, kichwa kinalemea shingo kama jerikeni ya lita ishirini. Mabega yanakaza, kichwa kinagonga, vidole vinakufa ganzi. Kwa hivyo kila kijana atembee hatua kumi na beseni kichwani, bila kulishika. Likimwagika, simu inakaa ofisini siku saba, shingo ipumzike.

Siku ya kwanza tulipumzisha shingo arobaini na moja. Akina mama wabeba ndizi walipita na beseni wakicheza, lakini hawakuhesabiwa. Hao si vijana.

Siku ya pili akaja Aguti, muuza viatu vya mitumba. Anapiga picha viatu mtaani Burumba, anazituma kwa simu, na vinanunuliwa mpaka kule Amukura.

"Boss, nihurumie. Wateja wangu wote wako kwa hiyo simu. Wiki moja tu, watahamia kwa Brendah, mshindani wangu."

"Dada, hii ni afya yako," Wandera akamjibu.

"Afya bila ugali?"

"Hatua kumi, dada."

Alitembea tisa. Simu ikalia mfukoni, akainama kuichungulia. Ikachukuliwa. Aguti akaketi mlangoni, akasema hatoki.

Wandera naye hakupumzika. Kila shingo aliipiga picha, akaandika jina la mwenye simu ndani ya simu yake mwenyewe, akajibu grupu la makao makuu. Kutwa nzima kidevu kifuani. Siku ya nne alikuwa akisalimia viatu vya watu. Niliendelea kuchota. Idara yangu ni maji.

Siku ya tano akafika Mkurugenzi, Bi. Benedetta Okwakol.

"Wandera, niangalie nikiongea."

"Nakuangalia, madam."

"Unaangalia mkoba wangu."

Aguti, bado mlangoni, akadakia: "Madam, na huyu apimwe!"

"Mimi si kijana!" Wandera akafoka.

Mkurugenzi akafungua faili. "Mwezi uliopita uliomba kazi hii ya vijana, ukaandika una miaka thelathini na nne. Ama ulidanganya?"

Wandera, mwenye mvi mpaka masikioni, akafikiri kidogo. Akaomba beseni.

Nililijaza hadi ukingoni, kazi ni kazi. Halikukaa hata sekunde. Simu yake ikafungiwa, pamoja na orodha yote iliyokuwa ndani. Hakuna aliyejua tena simu ipi ni ya nani, basi Mkurugenzi akaamuru kila mtu achukue yake.

Aguti akainua yake mpaka usawa wa macho, akapiga picha viatu vya Wandera vilivyolowa, akatuma kwa wateja:

"Saizi nane, vimeoshwa tayari. Mwenyewe anaacha kazi."