Gango Langu na Mguu wa Déo

Jumatatu, 4 Juni 2012
Leo tumefundishwa huduma ya kwanza pale Base Camp, katikati ya kambi yetu ya wakimbizi. Mwalimu Goretti, aliyetoka Mbarara, alitaka mtu wa kujifanya amevunjika mkono. Nikamuwahi jirani yangu Déo. Nikafungwa gango: vibao viwili, pamba, bendeji, kisha mkono ukaning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Akasema mkono usitikiswe, na vidole vikiwa baridi ujue bendeji imekaza. Nikatoroka kabla ya kufunguliwa. Kitu kizuri hivi kivuliwe kwa nini? Bombani akina mama wakanipisha mbele ya foleni yote. Gisèle wa kwaya akauliza imekuwaje. Nikasema baiskeli. Akanibebea bido, dumu zima la maji, hadi nyumbani. Gisèle! Miaka mitatu namtafutia sababu ya kukanyaga ua wangu.

Jumanne, 5 Juni
Bugali, sombe la majani ya muhogo, na samaki aliyetolewa miiba kwa vidole vya Gisèle mwenyewe. "Usinyanyue kitu, Appolinaire," alisema. "Uko na maumivu mingi." Ninayo! Mwezi wa nane nafunga naye ndoa, yeye bado hajui tu. Déo kachungulia uani akitabasamu. Anajua kila kitu. Nikampa nusu ya samaki, akaondoka akilamba vidole. Kanunulika.

Jumatano, 6 Juni
Hakununulika. Déo kaja akichechemea, mguu umefungwa vibao vya kasha la sabuni. Eti kateleza kwenye maharage yake. Gisèle akagawa chakula mara mbili. Déo akapewa kiti, mimi nikaketi chini. Na gango lenyewe halifiki hata gotini! Goretti alisema wazi lipite viungo vya pande zote mbili. Lakini nitamuumbuaje bila kujiumbua? Nyani haoni kundule. Nikaendelea kula.

Alhamisi, 7 Juni
Goretti karudi, anaulizia gango lake moja. Nikashinda ndani, blanketi hadi puani. Gisèle akadhani nimezidiwa, akaleta uji wa mtama. Siku nzuri kuliko zote. Mkono unawasha vibaya, najikuna kwa mpini wa kijiko.

Jumapili, 10 Juni
Mchungaji Rugamba kaita wagonjwa mbele. Mtego! Nikipona, sombe basi. Nisipopona, sina imani. Bado nawaza, Déo akatupa vibao vyake akaanza kuruka kama mbuzi. Vigelegele. Nikajisemea vizuri, mmoja kapungua, sasa chungu chote changu. Mchungaji akaniwekea mikono, akaomba hadi shati likalowa. Nikatikisa kichwa: bado. Akaomba tena. Bado! Kuna waliolia kwa kunihurumia.

Ndipo Gisèle akasimama kutoa ushuhuda.

"Niliomba Mungu anipe alama. Nilisema, kati ya hawa babili, ule atapona wa kwanza, ndiye bwana yangu."

Nikaunyanyua mkono juu kabisa. Nikasema nimepona. Nimepona zamani! Hakuna aliyenisikia, kwaya ilishaanza kuimba. Moyo uliniuma kweli.

Jumatatu, 11 Juni
Asubuhi nililia kidogo, kisha nikafikiri. Kosa langu nimeliona: nilifunga mkono. Mguu ndio wenye bahati. Sebagabo seremala kanipa mbao mbili ndefu. Munezero, mjane wa nyuma ya kanisa, hupita hapa saa mbili akienda shamba. Kesho atanikuta nimelala njiani.