Pilau ya Idi na Kiti cha Kocha

Alhamisi, 5 Juni
Goti limestaafu. Miaka kumi na mitano ya raga, ile ya ligi, wachezaji kumi na watatu kila upande, basi, kwisha! Nimemwapia mke wangu Mwende kwamba sitacheza tena. Kwa hiyo lazima niwe kocha, la sivyo Jumamosi zangu nitazipeleka wapi? Nikiwaza hivyo roho inaniuma. Mpinzani ni mmoja: Pritesh wa mtaa jirani wa Kenton, tuliyecheza naye bega kwa bega. Teresia, mwenyekiti wa klabu, kaamua: keshokutwa hapa Wembley mimi niongoze timu kipindi cha kwanza, Pritesh cha pili. Atakayeng'ara atapewa kazi. Pritesh kanipa mkono, kanitakia heri. Mnafiki!

Ijumaa, 6 Juni
Idi! Swala, kanzu mpya, kisha pilau. Tonge mdomoni, wazo likanijia. Timu ya wageni kesho inatoka mbali. Nani atakataa sahani ya Idi? Watashiba, watakuwa wazito, na kipindi changu nitawachapa. Nimemwomba Mwende sufuria nyingine, ile kubwa, nikasema ni ukarimu tu. Akasema kwamba hatimaye nimekua. Nikainamia sahani yangu.

Jumamosi, 7 Juni
Balaa! Wageni wamesema hawali kabla ya mechi, lakini wafungiwe kidogo wale njiani wakirudi. Sufuria ikabaki wazi, inanukia. Serge, jitu letu la safu ya mbele, akauliza ni ya nani. Jamani, ningemfukuzaje mtu kwenye chakula siku za Idi? Nikamkaribisha. Nikakaribisha timu nzima, kwa mdomo wangu mwenyewe! Pritesh tu hakuonja, hali nyama.

Kipindi changu: tumefungwa thelathini kwa bila. Serge aliangushwa akiwa na mpira, akaomba aachwe hapo hapo apumzike. Nikavaa viatu nikaingia mwenyewe. Sikufika mbali, goti likanitupa. Mwende akanifunga goti kwa leso yake mpya ya Idi, akanifuta tope usoni. Heri angenitukana! Kipindi cha pili vijana walikuwa wamecheua, wamechangamka. Pritesh akawaongoza, tukashindwa kwa pointi mbili tu.

Jumapili, 8 Juni
Kocha ni Pritesh. Nimelia, na sioni haya. Alasiri kaja kupiga hodi. Kumbe amemwambia Teresia haitaki kazi bila mimi: yeye anajua mbinu, lakini vijana wananipenda mimi. Niwe msaidizi wake. Nikamkumbatia mpaka goti likapiga kelele. Ndugu wa kweli huyu!

Alipoondoka nilikaa nikatafakari wapi nilikosea. Nimepaona. Kila mtu alikula isipokuwa Pritesh! Na bhajia za viazi anazipenda kufa, akishiba husinzia alipo. Jumamosi ijayo timu itahitaji mtu aliye macho. Mwende ameuliza viazi vyote hivi ni vya nini. Nimemwambia ni vya ndugu yangu.