Tai Iliyozima Tanuru

Redio alifika kijiweni gazeti likiwa juu, kama mtu aliyebeba bendera ya timu iliyoshinda. Huyo ndiye kinyozi wa kona, na jina hilo alipewa kwa sababu habari haikai tumboni mwake hata muda wa maji kuchemka.

"Kaeni vizuri, msije mkaanguka," alisema. "Wakaguzi wamekuja, wamepima, wamemaliza. Nawasomea: 'Hewa inayokizunguka kiwanda cha kuyeyusha vyuma ni safi, na wakazi hawana sababu ya kuhofu.'"

Futi, fundi cherehani ambaye utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata msibani, akakohoa. Akakohoa tena, macho yakamtoka. Shangazi muuza kahawa akampigapiga mgongoni.

"Pole, mwanangu. Hiyo ndiyo hewa safi, hujaizoea."

Benchi zima likapasuka kwa kicheko.

"Safi wapi?" Futi alisema alipopata pumzi. "Mimi nimemshonea bwana harusi suti nyeupe pee. Nimeitundika dirishani asubuhi, amekuja kuichukua adhuhuri, ya kijivu! Nikamwambia ndiyo fasheni."

"Akakubali?"

"Akataka na tai ya rangi hiyohiyo. Nikamwambia anunue nyeupe, asubiri hadi jioni."

"Hilo dogo," Redio akadakia. "Kuku wangu mweupe katoka asubuhi, jioni karudi mweusi tii. Nikamfukuza kwa fimbo mtaa mzima. Kumbe namfukuza kuku wangu mwenyewe!"

"Na mimi niseme nini?" Shangazi akaweka birika chini. "Juzi mteja kaagiza chai ya maziwa, simu ikaita, akapokea. Kumaliza kuongea, ananigombeza nimempa ya rangi!"

Tarishi hakucheka. Alikaa mwisho wa benchi, magoti pamoja, kama alivyozoea kukaa kwenye milango ya wakubwa. Alikuwa amebeba barua za ofisi kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu aliondoka na vitu viwili: tai ya buluu na mazoea ya kuandika saa ya kila jambo. Nyumbani mkewe alikuwa mwimbaji. Si wa jukwaani, wa beseni la kufulia, lakini majirani walikuwa wakipunguza sauti za redio ili wamsikie. Sasa ulikuwa mwaka wa pili hamalizi ubeti. Kifua kinambana, dawa ya kuvuta haimtoki mfukoni. Asubuhi hiyo alikuwa amemwomba mumewe afunge dirisha, halafu alifungue, halafu akasema, "Acha tu, baba. Ni yaleyale."

"Jumanne," Tarishi akasema.

"Jumanne nini?"

"Wakaguzi walikuja Jumanne iliyopita. Bomba la moshi lilinyamaza saa mbili na dakika kumi. Likaanza tena saa saba kasorobo, gari lao linaondoka, halijafika hata kwenye kona."

Macho yote yakamgeukia Afande, mlinzi wa geti la kiwanda, aliyekuwa anapuliza kahawa yake kabla ya kuingia kazini.

"Msinitazame hivyo, mimi mlinzi tu," Afande alijitetea. "Wakija na miadi, bosi anapigiwa simu mapema. Wakinishtukiza, amri ni moja: nikiona mtu mwenye tai na ubao wa kuandikia, nibonyeze kengele. Wenzangu ndani wanazima tanuru. Basi."

"Tai yoyote?" Futi aliuliza taratibu.

"Mimi nimesomea ulinzi. Tai sikuzisomea."

Alipoona wanavyotazamana, akaweka kikombe chini haraka. "Kahawa ya leo ya moto sana, Shangazi. Imenichoma ulimi ukateleza." Akaenda zake.

"Ninayo tai," Tarishi akasema.

"Weye! Utafungwa!" Shangazi akaruka. "Kujifanya mkaguzi ni kosa!"

"Nani kajifanya? Barabara ni ya umma. Nitakaa kwenye jiwe ng'ambo ya geti, nitaandika ninachokiona. Nikiulizwa mimi nani, nitasema kweli."

Kesho yake saa mbili kamili alikuwa jiweni, tai shingoni, ubao mapajani, kalamu mkononi. Moyo ulimdunda kama siku yake ya kwanza kazini. Afande alimwona, akamtambua, akaitazama tai, akamtazama tena usoni. Kisha akabonyeza kengele. Amri ni amri.

Baada ya dakika tano geti likafunguka. Akatoka meneja mwenyewe, soda baridi mkono huu, mwavuli mkono ule.

"Mheshimiwa! Jua lote hili! Karibu ndani."

"Ahsante, hapa panatosha."

"Umetoka ofisi gani, kama hutajali?"

"Ofisini nilishatoka siku nyingi," Tarishi akajibu, na hakuongopa hata herufi moja.

Meneja akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akamfungulia mwavuli. Juu ya ukuta moshi ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukakatika. Tarishi akaandika: *Saa mbili na robo, tanuru limezimwa.*

Alasiri aliporudi nyumbani alimkuta mkewe uani, mikono ndani ya povu, wimbo uko ubeti wa tatu.

"Mume wangu, kiwanda kimeungua?"

"Hapana. Nimekitazama tu."

Mkewe akamtazama, akaitazama tai, akacheka hadi akakaa juu ya ndoo.

Kuanzia hapo ikawa zamu. Jumatano Futi alivaa tai ya mteja, akaupima ukuta wa kiwanda kwa utepe wake, urefu na kimo, akiguna kila hatua. Tanuru likazimwa siku nzima. Alhamisi Redio alikwenda na koti lake jeupe la kunyolea na tai ya kuazima, akawa anainua pua, ananusa, anatikisa kichwa, anaandika. Meneja akaleta soda mbili. Ijumaa Shangazi naye akafunga tai juu ya kanga.

"Na soda nikapewa!" alirudi akitamba. "Kanikaribisha na kiti, kaniita daktari!"

"Daktari wa nini?"

"Hakusema, na mimi sikumuuliza."

Siku tisa mtaa ulipumua. Watu walianika nguo nyeupe kwa fujo, kama wanakomoa mtu. Kuku wa Redio akarudia rangi yake ya kuzaliwa.

Siku ya kumi meneja akaenda kunyolewa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alikaa kitini kwa Redio, bila tai asimtambue, kanyong'onyea, anasema wakaguzi hawamwachi apumue. Redio alijikaza. Alinyoa upande wa kulia wote bila kusema kitu, jasho linamtoka. Alipofika kisogoni, akashindwa.

"Mkubwa, usiwaze sana. Wale wa getini mbona si wakaguzi? Mmoja wao ni mimi!"

Meneja aliondoka na nusu kichwa. Alasiri hiyo bomba lilitoa moshi wa siku kumi kwa mpigo.

"Wembe umeushika barabara," Shangazi alimfokea Redio, "ulimi tu ndio umekushinda!"

Redio akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kachelewa.

Kesho yake asubuhi Tarishi alimpeleka mkewe zahanati, kamshika kiuno, wakisimama kila nguzo ya umeme. Wakamweka kwenye mashine ya mvuke. Tarishi akakaa pembeni, tai anaizungusha mkononi kama kitu cha kutupa.

"Basi, mama watoto. Tumecheza, tumeshindwa. Tutafute chumba mtaa mwingine."

Mkewe akaondoa kifuniko cha mashine mdomoni. "Huko getini ulikuwa unaandika nini?"

"Saa tu. Mtu wa tai akikaa, tanuru linazimwa saa ngapi. Akiondoka, linawashwa saa ngapi. Siku zote tisa. Hata za wenzangu nilizinakili."

"Miaka thelathini na moja umebeba barua za watu," mkewe akasema, na ikabidi avute pumzi mara mbili kumaliza. "Ya kwako utaibeba lini?"

Akarudisha kifuniko. Mazungumzo yakaisha.

Jioni hiyo benchi liligeuka ofisi. Futi, mwenye mwandiko wa kupendeza, aliandika barua: siku tisa, saa moja moja, kama zilivyo. Redio, kwa kulipa dhambi yake, alipewa kazi anayoiweza: kuutangazia mtaa. Akautangazia hadi sauti ikakauka. Shangazi alisimama na birika mkono mmoja na karatasi mkono wa pili.

"Sahihi kwanza, kahawa baadaye. Hujui kuandika? Kidole unacho."

Majina yakafika mia nne na kumi na mbili. Tarishi akaibeba barua mwenyewe hadi makao makuu ya wakaguzi. Pale mapokezi wakamwambia aiache mezani.

"Barua haiachwi, mwanangu," alimwambia karani kwa upole. "Barua inakabidhiwa." Akakaa, magoti pamoja, saa tano nzima, mpaka mkubwa mwenyewe alipotoka kwenda nyumbani, akaikuta mbele ya pua yake, akaisoma amesimama. Akaisoma tena. Muhuri ukagongwa.

Wiki mbili hakukuwa na jibu. Tarishi aliendelea kwenda jiweni na tai yake, ingawa sasa meneja alikuwa anampungia mkono na kuagiza moshi uongezwe. Jumatatu moja, mnamo saa nne, akaja binti mwenye ndala na begi la mgongoni, akasimama mbele ya geti, akatoa daftari. Afande alimkagua kuanzia shingoni. Hana tai. Akamwita bosi wake aje wacheke wote.

"Haya, na wewe umetumwa na kijiwe?" meneja akauliza.

"Nimetumwa na ofisi."

"Ofisi ya Shangazi wa kahawa, naijua! Wenzako hata tai walivaa, wewe umekuja na ndala." Akajishika kiuno, yuko katika raha zake. "Sikiliza, binti. Leo hatuzimi. Mkaguzi wa kweli akija, mimi napigiwa simu siku mbili kabla. Ndipo tunazima. Akiondoka, tunawasha. Chujio la moshi lilikufa mwaka juzi na sina haja nalo. Andika!"

"Naandika. Anayekupigia simu ni nani?"

Meneja akamtaja, na cheo chake.

"Na wewe jina lako kamili?"

Akamtajia herufi moja moja, asije akakosea.

"Naomba uweke sahihi hapa chini."

Akaweka, na mkia mrefu wa mbwembwe. Binti akafunga daftari, akafungua begi, akatoa kofia ngumu, kifaa cha kupimia hewa na kitambulisho chenye muhuri. Akamwonyesha.

"Ahsante kwa ushirikiano. Sasa naomba kuingia."

Meneja alibaki na mdomo wazi, na kwa mtaa ule hilo si jambo la kufanya kwa muda mrefu. Akaanza kukohoa. Ng'ambo ya barabara Tarishi aliandika saa, kisha akashindwa kujizuia, akacheka hadi kalamu ikamdondoka. Redio alikuwa ameshaona yote kutoka dukani; akatimka na mkasi mkononi akipiga kelele, mteja wake nyuma na shuka shingoni. Kijiweni Futi na Shangazi walikumbatiana, birika likamwagika, hakuna aliyejali.

Saa sita mchana tanuru lilifungwa kwa mnyororo na lakiri ya serikali, mpaka chujio jipya lifungwe na kupimwa.

Tarishi alikimbia hadi nyumbani, mtu ambaye hakuwahi kukimbia hata na barua ya haraka. Mkewe alikuwa mlangoni, anatazama anga tupu juu ya bomba.

"Limezimwa," akasema. "Leo zamu ya nani?"

"Leo zamu ya serikali, mke wangu."

Mkewe akafikiri kidogo.

"Haya. Iambie serikali kesho isichelewe zamu yake."