Mbuzi wa Roho Mpya

Jumatatu, 7 Agosti 2000. Mikinduri.
Jana kanisani Pasta Muthamia alitangaza. Wageni wa misheni wanakuja Ijumaa. Mkutano wa injili uwanjani, na Jumamosi watagawa mbuzi wa maziwa. Mbuzi wa gredi, kiwele kama mtungi! Nilisema amina kabla hajamaliza.

Kaari wangu ana miezi minane. Ng'ombe wa mama mkwe alikauka mvua ilipotunyima. Kifua changu nacho kinamfuata. Mtoto anakunywa uji wa maji na kunitazama kama mimi ndiye niliyemlia maziwa.

Baada ya ibada nilimfuata Pasta. Akasema mbuzi ni wa roho mpya tu, wale watakaookoka Ijumaa. Ndivyo wageni wanavyotaka. Nikauliza, na roho za zamani? Akasema thawabu yangu iko mbinguni. Nikamwambia Kaari ananyonyea Mikinduri. Akacheka, akaniombea, akaenda kula.

Mimi niliokoka darasa la saba. Naimba kwaya, nafundisha watoto Jumapili. Hakuna roho kuukuu kama yangu tarafa nzima.

Kwa hivyo nimeamua. Nitarudi nyuma dhambini kesho, niokoke upya Ijumaa. Siku zinatosha. Petro alimaliza yake kabla jogoo hajawika. Nimeomba Mungu anisamehe mapema na aubariki mpango.

Jumanne, 8 Agosti.
Dhambi ya kwanza: ugomvi hadharani. Nilimchagua Celina wa kwaya, maana ukitenda dhambi usiipoteze bure. Kila asubuhi huruka foleni ya maji huku akiimba tenzi. Leo alipopita mbele nilimwambia, watu wote wakisikia, kwamba sauti yake ni ya mlango wa choo na ndoo yake haina adabu. Nikangoja aibu inishukie.

Wanawake wakapiga makofi! Nyanya mmoja akasema Bwana asifiwe, hatimaye mtu wa kanisa amesema ukweli. Celina akalia. Akaomba foleni nzima msamaha. Kisha akanibebea jerikeni kilima chote hadi nyumbani, akataka tuombe pamoja. Ningefanyaje? Tukaomba. Dhambi ikaharibika.

Jumatano, 9 Agosti.
Dhambi ya pili: miraa. Mwanamke wa kwaya, sokoni, mchana! Hata Mithika, mume wangu, anayeilima, haitafuni karibu na kanisa. Nilichuma nyuma ya nyumba, nikaketi penye watu wengi, Kaari mgongoni, shavu limejaa. Uchungu wake! Sijui wanaume wanaipendea nini.

Wa kwanza kupita akanipa pole ya jino. Wa pili pia. Wa tatu akarudi na karafuu ndani ya kikaratasi. Nikamwambia ni miraa. Akasema naam, hata mamake aliitumia kwa jino. Wengine nao wakaleta. Nimerudi nyumbani na karafuu za kutosha pilau ya harusi.

Kaari amelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Mimi ndiye macho wazi kwa miraa. Nimefua mapazia. Nimesugua sufuria mpaka matakoni. Mithika ameamka akauliza nani amekufa.

Alhamisi, 10 Agosti.
Sasa hakuna mzaha. Nimeingia baa ya Karwirwa. Na mtoto mgongoni, sina wa kumwachia. Nilifikiri itaongeza uzito wa dhambi.

Karwirwa akapunguza redio. Akafuta kiti kwa kanga yake. Nikaagiza bia. Akaniletea chai ya rangi na kuniambia anajua ninamjaribu, Mama Kaari, na kwamba leseni yake iko sawa. Wanaume wakavua kofia.

Ndipo Naftaly akasimama. Naftaly ni yule ambaye watu hapa humtumia kuwatishia vijana wasinywe. Akasema anajua mamake ndiye aliyenituma. Nikamwambia sijatumwa na mtu, aketi, nimekuja kunywa. Akawageukia wenzake, machozi hayo. Mnaona? Mama wa watu yuko tayari kunywa kikombe chetu ili atufikie!

Kaari akamnyooshea mikono. Sijui kwa nini. Huyu mtoto humlilia hata babake. Naftaly akampokea kama anayepokea mayai. Kaari akamkojolea shati lote. Naftaly akapiga magoti, akasema huo ni ubatizo.

Walipouliza mkutano ni saa ngapi nikawaambia saa tisa. Ili waniache tu! Nimetoka na dhambi sifuri na chai ya bure.

Ijumaa, 11 Agosti.
Uwanja umejaa. Sikuchana nywele. Nilikuwa nimeandaa machozi.

Mhubiri alipoita waliopotea nilisimama wa kwanza. Nikaenda mbele bila kuangalia nyuma. Pasta akaniona, uso ukamng'aa, akanionyesha mahali pa kusimama. Nikageuka. Nyuma yangu alikuwa Naftaly, ameshika ncha ya leso yangu, na nyuma yake baa nzima, mmoja mmoja, kama watoto wa shule wakivuka barabara. Karwirwa wa mwisho.

Pasta akasema kwenye kipaza sauti kwamba mvunaji ndiye huyu. Nikamnyang'anya kipaza sauti. Nikawaambia wote kwamba nimerudi nyuma. Nimetukana mtu kwenye foleni ya maji. Nimetafuna miraa. Nimeagiza bia na mtoto mgongoni.

Haleluya! Uwanja ukasimama. Celina akapiga kelele kwamba ni kweli, alitukanwa na akapona. Mgeni wa misheni aliomba tafsiri, akafuta miwani, akasema hajawahi kuona unyenyekevu wa namna hii, mtu kubeba dhambi za wengine kama zake.

Nikasema ni zangu! Wakaimba juu yangu.

Jumamosi, 12 Agosti.
Mbuzi wamegawiwa. Naftaly amepata. Karwirwa amepata. Mimi nimepewa Biblia ya zipu.

Nilikuja nyumbani nikafunga mlango. Nikampa Kaari uji wake wa maji. Aliugeuzia uso. Hakulia hata. Heri angelia.

Jioni mlango ukabishwa. Naftaly, na mbuzi kwa kamba. Ameshindwa kumkamua, kapigwa teke mara zisizohesabika, na mbuzi amekula kola ya shati lake la kuokokea. Nilimfokea. Nikamwambia mnyama si chupa, huwezi kumminya tu kila kitu kitoke. Nikamwonyesha kunawa kiwele kwa maji moto, kushika juu, kufunga vidole taratibu. Mikono yake ilitetemeka, ni siku ya pili bila kinywaji. Mamake alisimama nje ya ua, hakuingia. Alikuwa anaangalia shati safi mgongoni mwa mwanawe.

Kikombe cha kwanza Naftaly alimpa Kaari. Alikunywa mpaka sharubu nyeupe zikamtoka. Naftaly akaahidi kikombe kila asubuhi, mradi nimsaidie kukamua. Nililia kidogo. Ni uchovu.

Jumapili, 13 Agosti.
Mithika anasema mambo yamekwisha vizuri. Mtoto ana maziwa, mlevi ana kazi, Celina anapanga foleni. Anataka nitulie.

Ningetulia! Lakini kikombe cha mtu si mbuzi. Naftaly akirudia chupa, misheni itachukua mnyama wao na Kaari atarudi kwa uji. Maziwa ya mwanangu hayawezi kukaa ndani ya koo la Naftaly.

Na leo Pasta ametangaza sharti jipya. Beberu atapita mwezi ujao. Mtoto wa kwanza wa kike wa kila mbuzi atakuwa wa nani? Roho mpya! Nilikaa kwenye benchi nikipiga hesabu kwa vidole. Beberu mwezi mmoja, mimba mitano: miezi sita. Mithika akanikanyaga mguu, akauliza ninachekea nini katikati ya somo la Maombolezo.

Nimeona kosa langu. Lilikuwa haraka. Hakuna mtu anayepotea sawasawa kwa siku tatu.

Baada ya ibada Pasta ameniomba niwe mwenyekiti wa injili ya mabaa. Kila Alhamisi nizunguke baa zote, kutoka hapa mpaka mjini Maua. Celina alidhani nitakataa.

Nimekubali mara moja. Miezi sita, baa zote. Lazima moja initoe wokovuni.